Dakika 45 Zilezile, Maji Mengine: Kisa cha Mtambo wa Kusafisha Maji ya Oili Lamu

Karakana inayochambuliwa hapa iko kisiwani Lamu na kazi yake ni kutengeneza injini za boti. Injini hufunguliwa, vipande vikasuguliwa kwa brashi na sabuni ya kuondoa grisi, kisha vikasuuzwa. Siku ya kazi ikiisha hubaki kama lita 150 za maji yenye oili, grisi, masizi, unga wa chuma na sabuni. Mtambo mdogo wa kuyasafisha kwa umeme ulifanya kazi vizuri kiangazi chote. Masika yalipoingia, maji yakaanza kutoka meupe kama tui, vilevile yalivyoingia. Hakuna aliyeugusa mtambo. Volti zilikuwa zilezile, muda uleule wa dakika 45.

Kuyamwaga nyuma ya ukuta si jibu. Mji wa Lamu hutegemea maji yaliyo chini ya vilima vya mchanga vya Shela, na ardhi ya mchanga haizuii kinachomwagwa juu kisishuke. Upande wa bahari kuna mikoko, na hakuna kaunti nyingine Kenya yenye mikoko mingi kuliko Lamu. Mkoko hupumua kwa mizizi inayochomoza juu ya tope. Mizizi hiyo ikipakwa oili, mti hukosa hewa. Kanuni za Kenya za ubora wa maji za mwaka 2006 nazo hazikuacha nafasi ya kubishana: maji yanayoachiliwa kwenye mazingira hayakutakiwa kuwa na mafuta wala grisi kabisa.

Oili iliyomo ni ya namna mbili

Ipo inayoelea yenyewe, na hiyo haihitaji umeme. Maji yakilala usiku mmoja kwenye pipa, hupanda juu na kufanya tabaka. Karakana hii ina mtego wa kawaida: pipa la plastiki la lita 200 lenye bomba la kutokea linaloanzia karibu na chini, likapanda hadi usawa wa juu kabla ya kutoka. Maji hutoka kwa chini, oili hubaki juu na huchotwa. Mabaki membamba hunyonywa na usufi uliotiwa kwenye mfuko wa wavu, kwa sababu usufi hunywa mafuta na kukataa maji. Hatua hii isirukwe. Oili inayoelea ikiingia kwenye mtambo hupaka mabamba, na bamba lililopakwa oili halipitishi umeme sawasawa.

Namna ya pili ndiyo yenye kazi. Sabuni ikishaishika oili, huivunja kuwa matone madogo mno yanayobaki yameenea ndani ya maji kama mafuta ya nazi ndani ya tui. Matone haya yana chaji hasi usoni, kwa hiyo husukumana, hayaungani wala hayapandi. Hata yakikaa wiki nzima, maji hubaki meupe.

Umeme huingia hapo. Mabamba mawili ya chuma yakitumbukizwa majini na kupitishiwa umeme wa DC (unaokwenda upande mmoja, kama wa betri), anodi, yaani bamba la upande wa chanya, huyeyuka polepole na kutoa ioni za chuma zenye chaji chanya. Kwenye kathodi, bamba la upande wa hasi, maji huvunjika, yakatoa viputo vya haidrojeni na kuacha haidroksaidi. Ioni za chuma huondoa ule msukumano wa matone, kisha chuma na haidroksaidi hufanya madonge laini yanayokusanya oili, masizi na unga wa chuma. Viputo hupandisha sehemu ya madonge juu kama povu zito, mengine huzama. Dawa yenyewe ni chuma. Umeme ni njia ya kukipima na kukitia majini.

Mtambo ulivyo

Pipa la plastiki la lita 200 hujazwa lita 150. Ndani yake yananing'inia mabamba sita ya chuma cha kawaida, unene wa milimita 3, upana wa sentimita 20, na sehemu iliyozama majini ni sentimita 20. Yametenganishwa kwa vipande vya plastiki vya milimita 15. La kwanza, la tatu na la tano yameungwa pamoja upande wa chanya. La pili, la nne na la sita upande wa hasi. Nafasi kati ya mabamba ni tano, kila moja ina uso wa sentimita za mraba 400, jumla 2,000. Kwa ampea 20, kila sentimita ya mraba inapitisha miliampea 10, kiwango cha wastani kwa kazi ya namna hii. Umeme hutoka kwenye pawasaplai ya hadi ampea 30, yenye kitufe cha kuzungusha ili kupanga volti. Pampu ndogo ya hewa, ile ya matangi ya samaki wa mapambo, hutoa viputo kutoka chini.

Aina ya chuma si jambo dogo. Mabati yaliyopakwa zinki yasitumike, kwa sababu zinki itaingia majini kabla ya chuma. Chuma kisichoshika kutu ni hatari zaidi kikiwa anodi: hutoa kromiamu na nikeli, na hapo mtu atakuwa ameondoa oili akatia sumu. Vipande vya alumini vya injini kuukuu navyo vina shaba na metali nyingine. Chuma cha kawaida cha mchomeleaji, kilichokwanguliwa rangi na kusuguliwa kwa msasa, ndicho kinachofaa.

Hesabu ambayo haikufanywa

Ampea moja ikipita kwa saa moja humumunyusha gramu 1.04 za chuma. Hii ni sheria ya Faraday, na haibadiliki kwa volti, kwa joto wala kwa ukubwa wa pipa. Karakana ilikuwa imeona kwamba maji yake hung'aa yakipata takriban miligramu 100 za chuma kwa lita. Kwa lita 150 hizo ni gramu 15, sawa na ampea-saa 14.4. Ampea 20 kwa dakika 45 ni ampea-saa 15. Ndipo ile dakika 45 ilipotoka, nayo ilikuwa sahihi siku ilipokokotolewa.

Ukutani, hata hivyo, yaliandikwa maneno haya tu: volti 6.5, dakika 45. Ampea hazikuandikwa. Na volti peke yake haisemi chochote kuhusu chuma kilichoingia majini, kwa kuwa ampea zinazopita kwa volti hiyo hutegemea maji yenyewe.

Kiangazi, karakana ilitumia maji ya kisima chenye chumvichumvi, yenye upitishaji umeme wa karibu milisimensi 3 kwa sentimita. Masika yalipojaza jabia, yaani tangi la kuhifadhia maji ya mvua, mafundi wakahamia maji ya mvua, jambo la busara kabisa kwa injini. Lakini maji ya mvua karibu hayana chumvi. Hata yakiwa na sabuni na uchafu wa injini, yalisoma milisimensi 0.4.

Jinsi chanzo kilivyotafutwa

Shaka ya kwanza ilienda kwenye mabamba, na si bila sababu: kathodi zilikuwa zimejaa gamba jeupe. Maji ya visima vya pwani hupita kwenye mawe ya matumbawe na hubeba kalsiamu. Kathodi ikizalisha haidroksaidi, kalsiamu na magnesiamu hugandia hapohapo. Pendekezo lilikuwa kununua mabamba mapya. Badala yake, mambo yalitenganishwa na kupimwa moja moja, kwa mita ya kubana waya inayosoma DC, volti zikiwa 6.5 kila mara.

Mabamba yakiwa na gamba lake, ndani ya maji ya kazi ya jabia: ampea 2.3. Mabamba hayohayo, gamba lilelile, ndani ya maji ya kisima: ampea 17. Baada ya kuyasafisha, ndani ya maji ya kisima: ampea 20. Yakiwa safi, ndani ya maji ya jabia: ampea 2.7.

Namba hizo nne zinatosha. Gamba lilikuwa likila karibu sehemu ya saba ya umeme, kwa kuziba sehemu ya uso wa bamba. Maji ya jabia yalikuwa yakila karibu wote uliobaki. Mabamba mapya yangegharimu pesa na kuipandisha mita kutoka 2.3 hadi 2.7. Kwa ampea 2.3 na dakika 45, chuma kilichoingia majini kilikuwa gramu 1.8, yaani miligramu 12 kwa lita badala ya 100. Mtambo haukuharibika. Uliendelea kutoa dawa pungufu ya moja ya nane ya kipimo, na kila aliyetazama saa aliona umemaliza kazi.

Kabla ya vipimo hivi, klipu na nyaya ziangaliwe, hasa Lamu ambako hewa ya chumvi hula shaba haraka. Klipu yenye kutu ya kijani hupata joto. Mita iguse bamba lenyewe, si waya: ukikuta volti 6.5 kwenye pawasaplai na volti 4 kwenye mabamba, tatizo liko njiani.

Njia nne za kurudisha kipimo

Kupandisha volti ndilo wazo linalomjia kila mtu. Kwa nafasi ya milimita 15 na maji ya milisimensi 0.4, kupata ampea 20 kunahitaji karibu volti 39. Nishati inapanda kutoka wati-saa 98 kwa pipa hadi karibu 585, mara sita, na ziada yote inapasha maji joto bila kuongeza hata chembe ya chuma. Isitoshe, volti 39 kwenye sakafu yenye maji na mikono iliyolowa si kitu cha kuzoeana nacho. Njia hii ilikataliwa.

Kusogeza mabamba hadi milimita 5 hushusha volti zinazohitajika hadi kama 14. Kwenye maji masafi lingekuwa jibu zuri. Kwenye maji ya oili, nafasi nyembamba hivyo huziba kwa madonge, na kipande kimoja cha kutu kikining'inia kati ya mabamba husababisha shoti.

Njia ya tatu ni kungoja, na inastahili kuheshimiwa kuliko inavyoheshimiwa. Ampea 2.7 zikiachwa saa tano na nusu hutoa ampea-saa 15 zilezile, kwa volti zilezile na nishati ileile, bila kuongeza chumvi majini. Viputo huwa vichache, hivyo madonge huzama zaidi kuliko kuelea, na hilo si kasoro. Kwa karakana ambayo maji yake yaliyosafishwa huishia kwenye shimo la ardhini karibu na kisima, hii ndiyo njia ya kuchagua. Chumvi ikishaingia kwenye maji ya chini ya kisiwa haiondoki kirahisi.

Karakana hii ilichagua chumvi kwa sababu moja tu: maji yake hayatoki. Gramu 200 za chumvi kwa lita 150, pungufu kidogo ya robo kilo, zilipandisha upitishaji hadi karibu milisimensi 3 na ampea zikarudi 20. Chumvi ya mawe kutoka mashamba ya Gongoni na Marereni, kaskazini mwa Malindi, inafaa kabisa. Lita 6 za maji ya bahari zina chumvi ya kiasi hichohicho na hazinunuliwi, lakini huleta magnesiamu nyingi na gamba kwenye kathodi huongezeka. Maji yaliyosafishwa hurudi kuoshea mara ya kwanza, pale grisi nzito inapotolewa. Suuzo la mwisho ni la maji ya jabia, maana hakuna fundi atakayeacha chumvi ndani ya injini. Chumvi hubaki ikizunguka, kwa hiyo pipa la pili na la tatu huhitaji kuongezwa kidogo tu, kwa kufuata mita.

Chumvi ina faida nyingine: kloraidi hutoboa utando mgumu unaoweza kujijenga juu ya anodi na kuizuia kuyeyuka. Hapa kuna onyo. Anodi ya chuma huyeyuka kabla ya kloraidi kuguswa, kwa hiyo klorini haitokei kwa kiasi cha kutisha. Mtu akiweka anodi isiyoyeyuka, kwa mfano fimbo za kaboni za betri kuukuu, maji ya chumvi hutoa klorini, nayo ikikutana na oili huzaa misombo ya sumu. Hilo lisijaribiwe.

Maji yaliyokataa hata kwa ampea 20

Baada ya chumvi, mapipa mengi yaling'aa. Moja halikung'aa, na mita ilisoma 20 mwanzo hadi mwisho. Tofauti ilikuwa sabuni: dawa mpya kali ya kuondoa grisi ilikuwa imefunguliwa. Karatasi ya pH, kipimo cha ukali wa asidi au magadi majini, ilionyesha kati ya 10 na 11, wakati kazi hii hupenda 7 hadi 8.5.

Kushusha pH kulifanywa kwa asidi ya haidrokloriki iliyochanganywa na maji mengi, asidi ikimiminwa ndani ya maji na kamwe si maji ndani ya asidi, kidogo kidogo huku ikipimwa, hadi 8. Ndimu isitumike. Asidi ya ndimu hukumbatia ioni za chuma na kuzizuia zisifanye madonge, kwa hiyo pH itasoma vizuri na maji yatabaki meupe. Baadhi ya sabuni zina viambato vyenye tabia hiyohiyo, vilivyowekwa ili kushika madini ya maji magumu. Hata baada ya pH kurekebishwa, pipa hilo lilihitaji dakika 60 badala ya 45, yaani chuma zaidi kwa theluthi. Karakana ilirudi kwenye sabuni ya awali. Kwa maoni yetu huo ulikuwa uamuzi bora kuliko yote yaliyofanywa: kila tone la oili lisilofungwa na sabuni kali ni tone lisilohitaji umeme.

Njia rahisi ya kujua kama kipimo kimefika ni kuchota maji kwenye chupa inayoonyesha ndani kila dakika 15, mtambo ukiendelea, na kuyaacha dakika 10. Madonge yakitengana na maji maangavu yakionekana kati yake, kipimo kimefika. Maji yakibaki na ukungu ulioenea, bado.

Maji ya kijani

Kuna kosa jingine linalofanana na mafanikio. Maji hutoka maangavu yenye rangi ya kijani hafifu, kisha baada ya saa moja kwenye ndoo huwa ya kahawia. Chuma hutoka kwenye bamba kikiwa ioni ya chaji mbili, inayoyeyuka kwa urahisi. Kinahitaji oksijeni ili kuwa haidroksaidi ya kahawia isiyoyeyuka. Miligramu 100 za chuma hutaka kama miligramu 14 za oksijeni, na maji ya nyuzi 30 hayabebi zaidi ya 7 au 8 kwa wakati mmoja. Ndiyo maana pampu ya hewa ipo, na ndiyo maana iendelee nusu saa baada ya umeme kuzimwa. Mpira wake ukiziba kwa tope, dalili ya kwanza huwa hiyo rangi ya kijani. Anayekosa pampu amimine maji kutoka ndoo hadi ndoo, kwa urefu, mara nyingi.

Utunzaji, na hatari ya gesi

Nyaya hubadilishwa upande kila pipa: chanya iwe hasi, hasi iwe chanya. Bamba lililoota gamba jana leo huyeyuka, na gamba hudondoka. Mabamba manne ya kati huliwa nyuso zote mbili, yale mawili ya mwisho uso mmoja tu. Sehemu iliyozama ya kila moja ina uzito wa gramu 940 hivi, na likikubaliwa kuliwa hadi nusu, seti moja hudumu kama mapipa 150. Gamba likikaidi, bamba lichovywe dakika chache kwenye asidi dhaifu, lisuguliwe kwa brashi ya plastiki, lisuuzwe. Asidi hiyo isikutane na dawa yoyote ya klorini.

Ampea-saa 15 hutoa karibu lita 7 za haidrojeni. Nje, penye upepo, hupotea bila madhara. Ndani ya banda lililofungwa, karibu na mkebe wa petroli, ni jambo la kuogopwa kwa dhati. Pipa liwe uwanjani, lisifunikwe, klipu zifungwe kabla ya kuwasha na zifunguliwe baada ya kuzima, maana cheche hutokea pale klipu inapoachia. Maji yaliyooshea tangi la petroli au kabureta yasiingizwe mtamboni kabisa. Yawekwe kando, petroli ielee na kutolewa kwanza.

Kinachobaki ndani ya maji

Maji maangavu si maji masafi. Mtambo huu hutoa oili iliyotawanyika, masizi na chembe. Sabuni iliyoyeyuka hubaki kwa kiasi kikubwa, na pia sehemu ya vitu vya mafuta vilivyoyeyuka kabisa. Hakuna dakika za ziada zitakazoviondoa. Hiyo ndiyo sababu nyingine ya kuyazungusha badala ya kuyamwaga. Yakichoka, yaani yakianza kunata na kutoa povu jingi hata bila kuongezewa sabuni, huachwa yakauke kwenye sinia pana lililotandikwa karatasi nzito ya plastiki, kazi ya siku kadhaa za jua la kaskazi. Masika hayakauki, kwa hiyo pipa la akiba liwepo.

Tope nalo lina hesabu yake. Gramu 15 za chuma hufanya kama gramu 30 za haidroksaidi kavu, ongeza oili na masizi, lakini likiwa bichi hujaza lita kadhaa kwa kuwa karibu lote ni maji. Hutandazwa juu ya kitambaa kilicho juu ya mchanga ndani ya beseni, maji yake yakarudi kwenye mtego wa mafuta. Likikauka hutiwa kwenye pipa lenye mfuniko pamoja na usufi uliokwisha kunywa oili. Hayo ni taka hatari: hayazikwi mchangani, hayachomwi jikoni. Huvushwa kwa boti hadi Mokowe, upande wa bara, pamoja na oili chafu ya injini, na kukabidhiwa mchukuzi mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya.

Karakana inayoosha injini mara moja kwa wiki haina haja ya haya yote. Gramu 130 za shabu, zikiyeyushwa kwenye ndoo na kukorogwa ndani ya lita 150, huleta alumini yenye atomi sawa na zile za gramu 15 za chuma, na madonge hufanyika bila waya hata mmoja. Shabu hushusha pH, kwa hiyo ipimwe, na kiasi kijaribiwe kwanza kwenye chupa. Umeme unashinda pale kazi ni ya kila siku, sola ipo tayari juu ya paa, na kuna mtu wa kusoma mita.

Karatasi ya ukutani sasa ina safu tano: maji yametoka wapi, pH, ampea mwanzoni, ampea mwishoni, ampea-saa. Safu ya dakika imeondolewa. Ampea za mwanzo zikiwa 12, fundi hugawa 15 kwa 12 na kujua ni saa moja na robo. Zikishuka katikati ya kazi kwa zaidi ya sehemu ya tano, anazima, anabadilisha upande wa nyaya, na kuangalia gamba kabla ya kuendelea.